Tangi la Maziwa Chini ya Chumba cha Evert

Ulikuwa mwaka wa 1981, mwezi wa Novemba, na majira ya baridi yalikwisha kuingia Granliden, kijiji cha nyumba chache kaskazini mwa Uswidi, Hildur Nyhlén alipoambiwa kwamba mumewe angeweza kurudi nyumbani akafie kitandani mwake mwenyewe, kwa sharti moja tu: nyumba isipoe.

Aliyeyasema hayo alikuwa Gun-Britt, muuguzi wa wilaya, aliyeketi jikoni kwa Hildur bila kulivua koti lake, kikombe cha kahawa mkononi.

"Mama, hapa nasoma nyuzi kumi na nne," alisema, macho yake yakiwa kwenye kipimajoto cha ukutani. "Na sasa ni saa nne asubuhi. Alfajiri ilikuwaje?"

"Alfajiri nilikuwa nimelala."

"Ndiyo hayo ninayoyasema. Ukilala wewe, moto nao unalala. Mapafu ya mzee hayataweza. Anataka nyuzi ishirini, usiku na mchana. Na wewe ukiteleza kwenye zile ngazi za nje na mzigo wa kuni, nani atakuokota? Mimi nakuja Jumanne kwa Jumanne."

Boila la kuni, lililochemsha maji ya kupasha nyumba joto, lilikuwa katika chumba cha chini, na mlango wa chumba hicho ulikuwa nje, mwisho wa ngazi za mawe zilizoganda barafu. Lilikuwa boila dogo, lenye kinywa kidogo na njaa kubwa. Lilimeza kuni kila baada ya saa chache, na lisipolishwa mabomba ya nyumba nzima yalipoa. Kwa miaka mingi Evert ndiye aliyeamka usiku kulilisha, kama mama mwenye mtoto mchanga, na akirudi kitandani alinuka moshi na theluji. Kisha, mwezi wa Septemba, Hildur alimkuta chini ya ngazi ya darini, macho wazi, upande mzima wa kulia umekufa, na ulimi umekufa pamoja nao. Tangu siku hiyo alikuwa hospitalini mjini, katika wodi ambayo dirisha lake lilitazama magari yaliyoegeshwa. Alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake. Wauguzi walisema kwamba anakula. Hildur aliitazama mikono ya mumewe ilivyokonda akajua kwamba hali chochote.

"Na nyumba ikipata joto?" aliuliza.

"Ikipata joto na likakaa, nitamleta mwenyewe," alisema Gun-Britt. "Nakuahidi, mama. Lakini sitamleta aje kuganda."

Mchana huohuo Hildur alivaa viatu vyake vya manyoya, akaiteremsha sleji yake, chombo cha kuteleza juu ya theluji kinachosukumwa kwa mguu, akaenda kwa Ruben Åhgren.

Ruben alikuwa mseja wa miaka sitini na kitu, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye mdomo mkali kuliko moto wake. Nyuma ya banda lake lilikuwapo tangi la maziwa la chuma kisichoshika kutu, refu kama farasi, ambalo alilinunua kiwanda cha maziwa cha tarafa kilipofungwa. Kijiji kizima kilijua alilinunulia nini. Katika miaka hiyo, mafuta yalipokwisha kuwa ghali, kila mwenye boila la kuni alitafuta chombo kikubwa cha kutunzia maji ya moto: mtu awashe moto mkali mara moja kwa siku, joto liingie tangini, kisha tangi liilishe nyumba polepole mpaka kesho yake huku mwenyewe amelala. Matangi mapya yaliuzwa mijini. Granliden watu waliyafukua ya zamani, ya maziwa, ya meli, ya viwanda vya karatasi, kila mmoja na bahati yake. Ruben naye alikuwa na lake, limefunikwa turubai kwa misimu miwili, linamsubiri aache uvivu.

Hildur hakuzunguka. Akiwa bado amesimama mlangoni, alisema:

"Nimekuja kuliomba tangi lako."

"Karibu ndani kwanza, shemeji. Hata mwizi huingia ndani."

Aliingia. Alieleza. Ruben alimsikiliza huku akizikuna ndevu zake, na alipomaliza alitazama nje ya dirisha, kule kwenye turubai lililobeba theluji.

"Lile nililiweka kwa ajili ya uzee wangu," alisema.

"Najua."

"Uzee wenyewe umefika, naamka usiku mara tatu. Mara mbili kwa ajili ya moto na mara moja kwa ajili yangu." Alicheka peke yake. "Evert anaweza kusema chochote?"

"Hawezi."

"Basi huko hospitalini wamepata mgonjwa mzuri. Alikuwa akinikosoa mpaka namna ninavyofunga kamba za viatu." Alisimama, akachukua kofia yake. "Twende tukapime mlango wako."

"Nitazilipa siku zako, Ruben."

"Utanilipa mbinguni."

"Mbinguni hakuna kazi. Nitazilipa hapahapa."

Hakusema hivyo kwa adabu tu. Granliden siku ya kazi ililipwa kwa siku ya kazi. Mtu akija kukusaidia kuvuna nyasi, ulikwenda kwake kupasua kuni; hakuna aliyeandika, na hakuna aliyesahau. Kuingia kaburini unadaiwa siku za mwenzako lilikuwa jambo la aibu, na aibu hiyo ilibaki na mjane.

Mlango haukutosha. Walilazimika kuyatoa mawe ya msingi upande wa mashariki, kuliteleza tangi juu ya magogo kwa trekta, na kuyarudisha mawe baadaye, huku Ruben akiutukana ukuta, trekta, kiwanda cha maziwa na waliokijenga. Kisha alikaa chini mle kwa siku nyingi. Alikichomelea kifuniko, akatoboa matundu ya mabomba, akaliunganisha tangi na boila, akalivisha sufi ya mawe, ile ya kuzuia joto lisipotee, na mbao juu yake mpaka likawa kama ng'ombe aliyelala zizini. Hildur alimpelekea kahawa yenye vipande vya jibini ndani yake, kama desturi ya huko, na mabonge ya viazi yenye nyama ya nguruwe, naye alikula akiwa amechuchumaa, kwa kuwa hapakuwa tena na nafasi ya kukaa.

Siku ya kujaza maji alimwita Hildur akamsimamisha mbele ya tangi.

"Nisikilize vizuri, shemeji. Hili lilizaliwa kubeba maziwa baridi. Pande zake hizi za mwisho ni bapa. Halikuumbwa kuzuia msukumo. Maji yakipata moto yanavimba, na yakivimba lazima yapate pa kwenda. Yanapanda kwa bomba hili, yanapita pembeni mwa chumba cha Evert, yanakwenda darini kwenye pipa la kufurikia. Lile la zamani lilikuwa dogo, nimeweka kubwa. Njia hiyo ikiwa wazi, huna la kuogopa."

"Na isipokuwa wazi?"

"Itakuwa wazi. Miaka yote imekuwa wazi." Hata hivyo alimshika mkono akaupeleka kwenye koki ya chini. "Lakini ukisikia tangi linanguruma, usikimbilie moto. Kimbilia hii. Ifungue mpaka mwisho, ndipo ushughulike na moto."

Jumanne iliyofuata kipimajoto cha jikoni kilionyesha nyuzi ishirini na moja, na Hildur alikuwa amelala usiku kucha. Gun-Britt alikisoma mara mbili. Kabla ya Krismasi Evert aliletwa nyumbani kwa gari la wagonjwa, akabebwa mpaka katika chumba kidogo kilichokuwa juu ya tangi, na alipowekwa kitandani aligeuza uso, si ukutani, bali chumbani.

Alianza kula. Hildur alimlisha supu ya matunda ya msituni kwa kijiko, akamsomea Zaburi jioni, akamweleza nani amekufa na nani ameuza ng'ombe. Evert alimtazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado na uhai, na kila jioni aliunyoosha akalishika lile bomba lililopanda pembeni mwa kitanda kuelekea darini. Alilishika muda mrefu, kisha akaliachia.

"Anajipasha joto," Hildur alimwambia Gun-Britt.

"Mwache. Afadhali kushika bomba kuliko kushika shuka zetu za wodi."

Wakati mwingine, baada ya kulishika bomba, Evert alimkazia macho mkewe na midomo yake ikatetemeka, ikitafuta neno. Hildur alisubiri. Neno halikuja. Alidhani lilikuwa neno la kuagana, akamwambia kwa upole kwamba wakati wake upo na hakuna haraka.

Hali ya hewa ilikuwa ya huruma mpaka katikati ya Januari. Kisha mbingu ikatakata, upepo ukafa, na baridi ikashuka Granliden kwa namna ambayo hata wazee huizungumzia kwa sauti ya chini. Misonobari ilipasuka msituni kwa mlio wa bunduki. Moshi ulisimama wima juu ya kila paa. Siku ya pili ya baridi hiyo, baada ya chakula cha mchana, Hildur alishuka chini, akalijaza boila kuni kavu za mti wa mbetula mpaka kinywani, akawasha, akaona moto umekolea, akapanda kurudi ndani.

Alikuta Evert analipiga bomba. Alikuwa amelikamata kwa mkono wa kushoto na kuligonga kwa pete yake ya ndoa, ngo, ngo, ngo, na kidole kilikuwa kimechubuka.

"Baba, wewe! Utajiumiza." Alimtoa mkono, akaulaza juu ya blanketi. Evert akaurudisha. Ngo, ngo. "Unaumwa wapi? Nionyeshe. Ni kifua?" Machozi yalikuwa yakimtiririka mzee yule pembeni mwa pua, na kooni mwake ilitoka sauti ambayo Hildur hakuwahi kuisikia kwa mwanadamu. Alidhani ndiyo saa yenyewe imefika. Alipiga magoti, akaushika mkono wa mumewe, na vidole vyake mwenyewe vikaligusa bomba.

Lilikuwa baridi kama shoka lililolala nje.

Boila lilikuwa likiwaka kwa nguvu chini yao, maji yanavimba, na bomba lililopaswa kuyapandisha lilikuwa baridi. Hildur hakuwa na elimu ya mambo hayo, lakini alikuwa amesimamishwa mbele ya tangi akaambiwa, naye hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Kabla hajasimama vizuri alisikia mngurumo ukitoka chini ya sakafu, mzito na mrefu, kama ng'ombe anayezaa vibaya.

Alitoka bila koti. Ngazi za mawe alizishuka kwa makalio. Ndani ya chumba cha chini mbao za tangi zilikuwa zikiachia misumari mmoja baada ya mwingine, na ule upande wa mwisho uliokuwa bapa ulikuwa umetuna kama paji la uso la fahali. Moto ulinguruma ndani ya boila na kila kitu mwilini mwake kilitaka kuukimbilia. Akaikimbilia koki. Ilikuwa ngumu, aliikamata kwa mikono miwili, akaisukuma kwa uzito wote wa miaka yake sabini, ikageuka. Maji yaliyokaribia kuchemka yalifoka sakafuni, yakamwagikia mguu wa kushoto, mvuke ukajaa hata asiione mikono yake. Tangi lilitoa mlio mmoja mkali, likanyamaza.

Ndipo alipochukua koleo, akayatoa makaa na magogo yaliyowaka, akayatupa nje kwenye theluji, safari baada ya safari, mpaka kinywa cha boila kikawa cheusi. Aliifunga koki. Alipanda juu, akamwonyesha Evert mikono yake mitupu yenye masizi, na kusema, "Nimefungua. Limenyamaza." Evert alifumba macho. Mkono wake uliteremka wenyewe kutoka kwenye bomba.

Kisha akampigia Ruben simu, na ilipokatwa Ruben alikuwa njiani tayari. Hakusema mzaha alipoingia. Aliutazama mguu wa Hildur, akalitazama tangi lililotuna, kisha akabeba taa na ndoo ya maji ya moto, akapanda darini. Hildur alimfuata mpaka juu ya ngazi, ingawa kiatu hakikuingia tena mguuni.

Dari yote ilikuwa imetandazwa sufi ya mawe, nene na nadhifu, ukingo kwa ukingo. Katikati yake lilisimama lile pipa kubwa la Ruben, limevaa barafu. Na karibu na pipa lilikuwapo furushi moja la sufi, halijafunguliwa bado, kamba zake zimefungwa.

Ruben alisimama akiliangalia lile furushi kwa muda mrefu.

"Hii sufi aliitandaza lini?" aliuliza.

"Septemba. Serikali ilikuwa inasaidia wanaozuia joto lisipotee. Alikuwa amebakiza kidogo tu siku ile alipoanguka."

"Amebakiza kidogo." Ruben alijikalisha juu ya boriti. "Zamani hapa palikuwa na unga wa mbao tu sakafuni, na joto la chumba chenu lilivuja likalipasha bomba. Ndiyo maana halikuganda miaka yote. Yeye akaziba joto lote libaki chini, kisha akaleta furushi hili alivishe bomba na pipa. Hakupata nafasi. Halafu nakuja mimi, fundi mkubwa, nafunga pipa langu, na unajua nilifanya nini na hili furushi, shemeji?"

"Ulifanya nini?"

"Nililikalia. Siku nzima. Nikasema moyoni, Evert kaniachia kiti."

Hildur hakucheka, wala Ruben hakutaka acheke. Kule chini walimsikia mgonjwa akikohoa.

"Alikuwa akilishika bomba kila jioni," Hildur alisema. "Mimi nilidhani anajipasha joto."

"Alikuwa anashika zamu, anapima kama bomba bado lina joto," alisema Ruben.

Walifanya kazi mpaka jioni, yeye akimwagia bomba maji ya moto juu ya matambara, Hildur akipandisha ndoo kutoka jikoni huku akichechemea. Barafu ilipoachia, ilisikika ikishuka ndani ya bomba kama mtu anayemeza. Ruben alilivisha pipa na bomba sufi ya furushi lile, akaondoa sufi ya sakafuni chini yake ili pumzi ya chumba ipande, akajenga sanduku la mbao juu ya vyote. Ule upande uliotuna aliukaza kwa vyuma vya reli. Boila liliwashwa tena kabla nyumba haijashuka chini ya nyuzi kumi na nane, na Evert alilala chini ya mablanketi yote yaliyokuwamo nyumbani, akiwa amevaa kofia ya Ruben.

"Kwa hiyo hatudaiani," Ruben alisema mlangoni. "Nilikuletea joto, nikakaribia kuilipua nyumba yako. Imetoka sawa."

Kutoka chumbani ilisikika pete ikigonga bomba, mara moja, kwa ukali.

"Umesikia," alisema Hildur. "Hakubali."

Evert Nyhlén alikufa mwezi wa Machi, asubuhi, kitandani mwake, jua jipya likiwa limefika kwenye blanketi. Chumba kilikuwa na nyuzi ishirini na moja. Hildur alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa safi, akavua aproni yake. Kisha akaenda dirishani, akaondoa pamba waliyoziba nayo nyufa tangu vuli, akalifungua wazi, kama ilivyofanywa kwa mama yake na mama wa mama yake, ili aliyekufa apate njia. Baridi iliingia, ikajaa chumba walichokilinda miezi yote ile. Hildur alisimama kando mpaka akaona imetosha. Bomba la pembeni lilikuwa vuguvugu chini ya kiganja chake.

Mwezi wa Mei, theluji ilipobaki tu chini ya misonobari na barabara ikawa tope, Hildur alimwendea Ruben akiwa na gunia la unga wa shayiri kwenye toroli, na kifimbo chake cha kusukumia unga kimefungwa ndani ya aproni.

"Washa tanuri la mama yako," alimwambia.

Tanuri lile la mawe lilikuwa katika kibanda kando ya nyumba, na halikuwahi kuwashwa tangu mama yake Ruben azikwe. Kila nyumba ya Granliden ilioka mkate mwembamba wa mwaka mzima majira hayo. Ruben peke yake alinunua wa dukani, akila kimyakimya.

"Shemeji, tulishamaliza hayo. Mguu wenyewe bado unachechemea."

"Sisukumi unga kwa mguu. Washa tanuri."

Aliwasha. Hildur alioka siku ile, na siku iliyofuata, na siku zilizofuata hizo, kwa hesabu ya siku alizoinama Ruben chini ya nyumba yake. Alisukuma unga mpaka ukapitisha nuru, akautandaza juu ya jiwe la moto, akaugeuza kwa upanga wa mti uliokuwa wa mama yake Ruben. Ruben alilisha moto, akakemewa kila mara.

"Unataka kuoka mkate au kuunguza kanisa? Punguza."

"Naam, bibi mkubwa."

"Na usiukalie huo unga."

Ruben alimtazama, akaona amekaza midomo, lakini macho yake yanacheka. Akaangua kicheko, akajifuta uso kwa mkono wa shati, na aliendelea kuufuta hata kicheko kilipokwisha.

Jioni ya siku ya mwisho mikate ilikuwa imepangwa marundo marefu kuzunguka kuta, ikinuka shayiri na moshi wa mbetula. Hildur alikung'uta unga, akafunga kifimbo chake ndani ya aproni. Mkate mmoja alikuwa ameuacha juu ya meza, ungali laini. Aliupaka siagi, akaukunja mara nne, akamkabidhi Ruben kwa mikono miwili.

"Huu ndio wa mwisho," alisema. "Evert hadaiwi."

Ruben aliupokea, akavua kofia yake, akaula wote akiwa amesimama.